Tusiishie Kwenye "Nzuri"

Siku yangu ya kwanza wadini, Mkuu wa Wadi, mama wa Kiswidi asiyecheka ovyo, hakunionyesha vitanda wala kabati la dawa. Aliniketisha mbele yake akasema, "Niulize kama nataka kujiua."

Nikatazama chini. Nilikuwa kijana wa Tanga niliyekuja Stockholm kusomea uuguzi wa magonjwa ya akili, na kwetu mtu mzima haulizwi hivyo. Nikajikaza: "Samahani mama, labda umechoka kidogo?"

"Hayo ni maswali ya mgeni sebuleni," akasema. "Kumuuliza mtu hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulisema."

Akanifundisha kitu walichokiita ngazi, yaani maswali yanayopanda hatua kwa hatua. Unaanza na usingizi na uchovu, unafika kwenye kuona maisha hayana maana, kisha unauliza waziwazi kama mtu anawaza kujiua, na juu kabisa kama amepanga. Ninyi mnaoingia kazini leo mnayakuta kwenye kompyuta. Sisi tuliyabeba kichwani.

Kutoka wadini nilipelekwa kliniki ya Spånga, ambako nilijifunza Kiswidi cha kugombana, na mwisho Södertälje, mji wenye viwanda na wahamiaji wengi. Ndiko nilikoona kasoro ya ngazi yetu. Ukimuuliza Mswahili habari, hata kama nyumba inaungua atasema nzuri kwanza; moto atautaja baadaye, ukikaa. Daktari wa Kiswidi hakai. Akisikia nzuri, anashukuru na kumwita mgonjwa anayefuata.

Miaka hiyo serikali ilikuwa inaandaa sheria ya kuzuia watu kujiua. Hapa muswada hauendi bungeni kabla ya kuzungushwa kwa mahospitali, manispaa na vyama, kila mmoja atoe maoni yake. Wenyewe huita remiss. Nakala ilifika kwetu, na Daktari Mkuu wa kliniki akanikabidhi niandike maoni yetu. Kifungu kimoja kilisema mgonjwa akijibu kwamba hajambo, maswali yanaweza kuishia hapo.

"Hicho usikiguse," akaniambia. "Kinatuokolea muda."

Nilikuwa bado nakinung'unikia alipokuja Safari, Mkongo wa Bukavu aliyefanya kazi kiwanda cha malori. Msimamizi wake ndiye aliyemsukuma aje, kwa sababu alikuwa amewagawia wenzake vitu vyake vyote bila kueleza kwa nini. Mkalimani hakupatikana na mimi nilikuwa chumba cha pili, basi akaingia na binti yake wa darasa la tano amfasirie. Nilifika wakati Daktari Mkuu anamuuliza hali yake.

Safari alitabasamu. "Niko bien. Tunashukuru Mungu."

"Pappa mår bra," msichana akasema. Baba hajambo.

Daktari Mkuu akasimama. Kile kifungu nilichokuwa nakisoma asubuhi kilikuwa kinatendeka mbele ya macho yangu.

"Daktari, hatujamaliza," nikasema.

"Amejibu."

"Hajajibu. Amesalimia tu."

Alinitazama kwa namna ambayo ingenifanya ninyamaze siku nyingine. Nikamwomba muuguzi mwenzangu ampeleke mtoto akanywe kitu. Mtoto hakutaka kuinuka. "Nani atamsemea pappa?"

"Mimi, mwanangu. Nitamsemea vizuri."

Mlango ulipofungwa, Safari aliacha kutabasamu. Nikavuta kiti, nikaanza chini. Analala? Kidogo. Anakula? Akipikiwa. Anaona siku zinazokuja? Hapo macho yake yakaenda mlangoni. Niliogopa sana. Niliona kwamba nikiharakisha atanyanyuka aondoke, na nikisita atarudi kwenye kumshukuru Mungu, na kwa vyovyote vile ataingia kwenye treni peke yake na mtoto yule.

"Ndugu yangu, unawaza kujiua?"

Bomba la kupashia chumba joto liligonga ukutani. Daktari Mkuu hakujua Kiswahili, lakini alikuwa ameacha kuangalia saa.

"Papa," Safari akaniita kwa heshima ya kwao, "mbele ya mtoto ningesema nini?" Kisha akajifunika uso. "Ndiyo. Leo."

Nilipofasiri, Daktari Mkuu aliketi tena. Safari hakurudi nyumbani siku hiyo. Alilazwa, na hakuachwa peke yake hata kidogo. Mimi nilijifungia chooni nikalia.

Maoni tuliyaandika wawili, Daktari Mkuu na mimi: maswali yapande mpaka juu, jibu la kwanza lolote liwalo, na mtoto asimfasirie mzazi. Sheria ilipotoka, kifungu cha kuishia njiani kilikuwa kimefutwa. Kwenye cha watoto, wanasheria walikuwa wameongeza neno "inapowezekana". Neno hilo linaniudhi mpaka leo. Ninyi mlio kazini, lipiganieni litoke.

Sasa nimestaafu. Mke wangu ametangulia mbele ya haki, na nyumba yetu ya Spånga imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Wageni huja, huniuliza habari, nawaambia nzuri, tunakunywa chai, wanaondoka.

Jumapili moja akaja Safari, mvi zimeanza kumtoka. Binti yake sasa yuko chuo kikuu.

"Habari, papa?"

"Nzuri, namshukuru Mungu."

Nikainuka kwenda kuweka maji jikoni. Yeye hakunifuata. Alivuta kiti, akakiweka karibu na changu, akangoja nirudi niketi.

"Umenisalimia tu," akasema. "Unalala?"

Nilitaka kumkemea, mimi ndiye niliyemfundisha hayo. Nikajikuta natazama chini, kama siku ile ya kwanza mbele ya Mkuu wa Wadi.

"Hapana," nikamwambia. "Silali."

Akaniuliza swali linalofuata.