Mkono Nyuma ya Nguzo

Habari ilinikuta sokoni Kiboriloni nikichagua ndizi: rafiki yangu, yule mchoraji wa Majengo, hatunaye tena. Niliogopa kabla sijahuzunika, wasomaji wangu, maana nilijua ameacha kazi moja haijakwisha, na nilijua kwa nini.

Alikuwa akizienzi picha za wachoraji wa zamani kwa namna yake: anaondoa watu na vitu vyote, anabakiza rangi tu. Tulizoea kumtania kwamba anafutia brashi. Lakini iliyomnyima usingizi ni ile picha ya Petro akizama, iliyokuwa ukutani kanisani kwao Uru kabla haijapakwa chokaa. Siku hizi tunapaka upya kila ukuta, wala hatuulizi chini yake kulikuwa na nini. Utotoni aliitazama kila Jumapili akitetemeka. Mwaka jana tulimpelekea shangazi yake kazi aliyoichora kutokana nayo: kijani kizito, weusi, na juu manjano ya kutisha.

"Shikamoo shangazi. Unaona nini hapa?"

"Marahaba." Shangazi akarudi nyuma. "Yesu wangu, wimbi lile! Ila mkono wa Bwana umeuacha wapi?"

"Mkono gani?"

"Aa, mwanangu! Nyie wanaume mlikuwa mnakaa upande ule, nguzo ikawaziba. Sisi wanawake tuliuona."

Rafiki yangu akakaa chini. Maisha yake yote alikuwa akimwogopea mtu anayezama peke yake. Aliporudi Majengo alikwangua rangi, akaacha kipande kitupu mahali pa ule mkono. Nilimsihi arudi Uru akamwulize shangazi ulikuwa wa rangi gani. "Na akisema hakumbuki?" alinijibu. Basi akaahirisha, na akaahirisha tena, hadi kifo kikamkuta.

Juzi tulimzika kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba. Picha iliegemezwa ukutani mwa nyumba. Shangazi aliomba asogezwe karibu, akaweka kiganja chake juu ya kile kipande kitupu.

"Ulikuwa wa rangi hii hii," alisema. "Kama wetu. Mbona hakuniuliza?"

Waliokaa upande wa pili wa nguzo bado wapo, wanazeeka, nasi tunaliogopa jibu lao kuliko tunavyoliogopa kaburi. Kawaulizeni. Mama yangu ndiye aliyekuwa na baba alipokata roho, na sijawahi kumwuliza kama baba aliogopa. Leo napanda kwake. Naogopa, lakini napanda.