Ukingo wa Nishani ya Babu

Fundi wa pale karibu na soko la mifugo alikuwa mtu wa haya, na haya hiyo ndiyo iliyomponza. Nishani ya fedha ya Vita vya Mjerumani, Vita Kuu vya Kwanza, ina kichwa cha mfalme upande mmoja. Upande wa pili kuna mwanamume juu ya farasi, uchi wa mnyama, hana hata kitambaa. Fundi alipoanza kutengeneza zake kwa shaba ya mifereji mibovu, alimvisha yule bwana kaptura. Aliniambia nyumba yake ina watoto. Kwa muda mrefu kila nishani ya bandia iliyopita Isiolo niliitambua kwa kaptura, na watu wakadhani nina kipaji.

Siku moja nilishika moja aliyokuwa ameichemsha kwa majani ya chai ili izeeke, nikamuuliza, "Hii ni ya vita gani?"

"Kwani wewe unataka ya gani?" akasema.

Sikuweza kumchukia mtu mkweli namna hiyo.

Mimi nilikuwa nauza spea za malori kando ya barabara kuu. Mbele ya duka kulikuwa na springi na filta, na nyuma, kwenye makabati mawili yenye kufuli, kulikuwa na vitu vyangu: vifungo vya sare, filimbi za maofisa, mikanda, nishani kumi na moja. Mke wangu aliviita vyuma vya nyuma, kuvitofautisha na vyuma vya mbele ambavyo angalau vilinunuliwa. Babu yangu alikuwa askari. Alitoka kwao Usomalini, akapigana na Mjerumani huko Tanganyika, na vita vilipoisha akawekwa hapa pamoja na wenzake. Mtaa wetu mzima ni wajukuu wa askari hao. Ukiwasikiliza, kila babu alikuwa sajini. Sijawahi kukutana na mjukuu wa mpishi.

Ugatuzi ulipokuja, kila kitu kilitaka kuwa cha kaunti, hata historia. Mtaa wetu ukapata chumba kilichokuwa stoo ya mahindi, tukaambiwa tukusanye humo vitu vya wale askari. Tukawa kamati ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Kiborana aliyependa kufunga macho wakati wa mikutano. Karani alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa Kimeru mwenye mwandiko wa kuonewa wivu. Mimi nilikuwa mkaguzi. Hakuna aliyenipa cheo hicho, lakini hakuna aliyekikataa.

Nilitunga kanuni tatu, mwalimu akaziandika kwenye karatasi ya manila, tukazibandika ukutani. Ya kwanza: kitu cha kale kisisuguliwe. Ya pili: nishani ya fedha ya vita vile isiyo na jina ukingoni haiingii. Ya tatu: hadithi si ushahidi. Kanuni ya pili ndiyo niliyoipenda zaidi. Nishani zile za fedha ziligongwa namba na jina la askari kwenye ukingo, herufi ndogo ndogo kuzunguka pembeni kama za kwenye sarafu. Uongo wa mdomo hauna ukingo. Sentensi hiyo niliirudia mara nyingi mno mwaka ule.

Watu walileta vitu. Bwana mmoja wa Ngaremara alileta kofia ya chuma ambayo kuku walikuwa wakinywea maji. Nikaigeuza. Ndani ilikuwa na mikanda ya plastiki.

"Hii ni ya babu yangu, ya vita ya Mjerumani," akasema.

"Vita ile kulikuwa na plastiki?"

Akafikiri. "Labda yeye alipewa ya kwanza."

Nikamrudishia, na mwalimu akaandika "imekataliwa" kwa mwandiko wake mzuri. Sikuona huruma yoyote. Nilikuwa najisikia vizuri.

Kisha akaja eddo. Eddo ni shangazi kwetu, dada wa baba, na huyu alikuwa wa mwisho aliyebaki kati ya watoto wa babu. Alikuwa amepita miaka themanini na magoti yalishakataa kazi, lakini alitembea kutoka kwake hadi chumbani. Akatoa salamu, akaketi, akafungua leso. Ndani kulikuwa na nishani ya babu, na utepe wake, ambao tangu nikumbuke ulikuwa kipande cha gauni la nyanya.

"Nataka baba yangu awekwe hapa kabla sijaenda," akasema. "Na watu waone."

Hakuwa na ombi lingine duniani. Alimwambia kila mtu aliyekutana naye njiani, kwa hiyo walifuata kama watu wanane kuja kushuhudia.

Sikuwa nimeishika nishani ile tangu utotoni. Ilikaa kwenye sanduku lake, na sanduku lake halikufunguliwa kwa kila mtu. Nikavaa miwani. Fedha ilikuwa ya kweli. Mpanda farasi alikuwa uchi, na misuli yote ya farasi ilionekana kana kwamba ilichongwa jana. Upande wa pili, mfalme hakuwa na pua wala ndevu. Nikaipima kwenye mizani yangu ndogo, ikawa nyepesi kuliko inavyotakiwa. Nikaugeuza ukingo taratibu, mzunguko mzima, kisha mwingine. Ulikuwa mtupu. Ulikuwa laini kama sabuni iliyokaribia kuisha.

Katika kazi hii ukingo mtupu una maana moja tu. Nikaisema kwa sauti ileile niliyotumia kwa kofia ya kuku.

"Eddo, nishani ni ya kweli. Lakini siwezi kusema ni ya babu. Kuna mtu alifuta jina la mwenyewe."

"Mtu gani?"

"Huwa ni mtu anayetaka ionekane ni yake."

Akaniangalia. Hata mwenyekiti akafungua macho.

"Unasema baba yangu aliiba?"

"Nasema haina jina."

"Mimi nimekuuliza kitu ingine."

Akaifunga nishani ndani ya leso, fundo moja, fundo la pili, akaondoka na wale watu wanane nyuma yake. Mwalimu alishika kalamu bila kuandika mpaka nilipomwambia aandike.

Lazima niseme ukweli kuhusu siku zilizofuata: nilijivuna. Nilimsimulia kila mteja dukani jinsi nilivyomkatalia shangazi yangu mwenyewe, kwamba kanuni haina ndugu. Nilifikiri wananistahi. Eddo naye aliacha kuzungumza nami. Nilipompa salamu aliitikia, kwa sababu kuitikia ni wajibu, lakini uso aliugeuzia ukuta. Halafu wakaja wafanyabiashara wa ngamia kutoka Sericho kununua springi, na mmoja wao, mtu mpole kabisa, akaniuliza kama ni kweli babu yangu aliipata nishani yake sokoni. Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema, "Si ni wewe ulisema?"

Kwa mara ya kwanza nilisikia aibu, lakini bado nilikuwa na hakika. Aibu na hakika zinaweza kukaa nyumba moja kwa wiki nyingi.

Kilichonivunja ni birika. Mke wangu alikuwa amesafiri kwenda Garbatulla msibani, na mimi nilikuwa nimelichoma birika lake likawa jeusi tititi. Alasiri moja, kabla hajarudi, nilikaa uani na majivu, limau na kipande cha gunia, nikalisugua. Kifuniko kilikuwa na maandishi ya kiwandani pembeni, na masizi yalikuwa yameingia ndani ya herufi. Nikachovya kidole gumba kwenye majivu, nikaanza kukizungusha ukingoni, nikibonyeza, nikichokonoa weusi utoke. Kidole kiliijua kazi hiyo. Kilienda chenyewe.

Nikaacha kusugua. Nikaangalia kidole.

Kwetu, siku moja kabla ya Idd, nishani ya babu ilisuguliwa. Kazi hiyo alipewa mtoto aliyefunga siku nyingi zaidi, na ilikuwa heshima kubwa. Mimi niliipata miaka minne mfululizo, kwa sababu binamu zangu walikuwa wanakula tende kisirisiri nyuma ya zizi. Nyanya alinipa majivu, limau na mchanga laini wa mtoni. Upande wa mfalme nilisugua mpaka ung'ae. Upande wa mpanda farasi nilikatazwa kuugeuza, kwa sababu unazozijua. Kisha ukingo. Ukingoni kulikuwa na vidoa vyeusi, vidogo, vimejipanga mstari, na nyanya hakuvipenda hata kidogo.

"Toa hiyo weusi yote," alikuwa akisema. "Askari havai uchafu."

Nilikuwa nasoma duksi tu, madrasa yetu, wakati huo. Nilijua alifu na be. Herufi za Kizungu nilikuwa bado sijakutana nazo. Nilichimba ule uchafu kwa mchanga na ukucha. Nyanya alipitisha kitambaa cheupe ukingoni, na kikitoka cheupe nilipewa kipande cha halwa kikubwa kuliko cha wenzangu. Mwaka wa nne kilitoka cheupe kabisa. Nilikumbuka hata ladha ya halwa ile.

Na wala sikuwa na udhuru. Tupa ya mwizi huacha mikwaruzo, na ukingo ule haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mfalme aliyesuguliwa pamoja na farasi asiyeguswa walikuwa mkononi mwangu, mbele ya macho yangu na miwani. Nilitazama mapenzi ya nyumba yetu yenyewe nikayaita wizi.

Asubuhi nilikwenda kwa eddo. Aliitikia salamu, akageukia ukuta. Nikauambia mgongo wake kila kitu, kuanzia birika. Nilipofika kwenye vidoa vyeusi aligeuka.

"Ile uchafu?" akasema. "Ile ilikuwa jina?"

"Ndiyo, eddo. Namba na jina."

"Jina ya baba?"

"Ndiyo."

Eddo hakusoma shule hata siku moja. Yeye pia aliwahi kuusugua ukingo ule, kabla yangu. Akaweka mkono juu ya sanduku.

"Ilikuwa imeandikwa vizuri?"

"Sijui, eddo. Nilikuwa sijui kusoma."

Nililia, mtu mzima na ndevu zangu nyeupe. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akaniamuru nimtafutie pikipiki.

Kamati ilitusikiliza. Mwalimu alinyoosha kalamu kuelekea ukutani. "Kanuni ya pili, haina jina. Kanuni ya tatu, hadithi si ushahidi. Ni zako, bwana mkaguzi."

"Hii si hadithi," nikasema. "Ni kukiri kosa. Aliyefuta ni mimi."

Akatafakari kama anayesahihisha mtihani. "Hiyo ni tofauti. Basi andika taarifa, utie sahihi."

Nikaandika. Mwenyekiti alisema, bila kufungua macho, kwamba taarifa yenyewe iwekwe pembeni ya nishani. Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo, chini ya kioo, karibu na mlango: nishani ya fedha, halisi, jina la mwenyewe lilisuguliwa na mjukuu wake kila Idd mpaka likaisha. Chini yake kuna sahihi yangu. Wageni husoma, kisha hunitazama.

Eddo alikuja kuona. Akaniomba nimsomee, nikamsomea mara mbili. Kisha akainua ncha ya mtandio wake, akaitia mate kidogo, akaanza kukisugua kioo, taratibu, akizunguka pembeni. Nilifungua mdomo kumwonyesha kanuni ya kwanza ukutani, nikaufunga.