Kibuyu cha Eladio Bentancor

Nilipoanza kuendesha gari la kunyanyulia mizigo pale kiwandani, mjini Paysandú, Eladio Bentancor alikuwa ameshafanya kazi miaka ishirini na miwili mbele ya tanuru la kuyeyushia risasi, ile metali nzito. Tulitengeneza betri za magari. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mipana, na angeweza kukuambia moto umepanda kabla kipimo hakijaonyesha.

Sifa yake nyingine ilikuwa yerba. Hakuna aliyeitayarisha chai ile chungu kama yeye. Kila siku saa nne asubuhi sisi wanne tulikaa kando ya tanuru, yeye, mimi, Wilmar Techera wa stoo na Nibia wa kufungasha. Kibuyu kimoja, mrija mmoja wa chuma, zamu kwa zamu, na yeye mtayarishaji hunywa wa kwanza. Wengine wa tanuru walikunywa chao bwaloni.

Kila miezi mitatu nesi wa kiwanda, Mirta Souza, alitutoa damu kuangalia ni risasi kiasi gani imeingia mwilini. Kikomo chetu kilikuwa mikrogramu thelathini kwa desilita ya damu. Mwaka ule Eladio alipata thelathini na nane.

Wakambadilishia barakoa. Wakafunga feni kubwa ya kuvuta moshi, na waliokuja kupima hewa wakasema ni safi. Wenzake wa tanuru wakashuka wote. Yeye akapanda, arobaini na mbili. Mirta akamwita.

"Mzee Eladio, kuanzia kesho huendi tanuruni. Utafanya kazi uani, mshahara uleule."

"Nikafagie majani?"

"Ukaipumzishe damu."

"Binti yangu, mimi siumwi. Nalala vizuri, nyama nakula mpaka mke wangu analalamika."

"Na mikono?"

Akaisukumia mifukoni. Ilikuwa imeanza kutetemeka, na sote tulijua. Jioni Nibia ndiye aliyemfungia vifungo vya koti, akijifanya anamtania.

Huko uani akawa mkimya. Wilmar alipompigia kelele, "Shikamoo bosi wa ufagio!" hakucheka. "Wananiweka nje na betri mbovu," aliniambia. Lakini ikifika saa nne alirudi kando ya tanuru, akakitoa kibuyu kwenye rafu kilikokuwa siku zote, akatumiminia.

Majibu yaliyofuata yalimsumbua Mirta. Namba ya Eladio ilikuwa palepale, ingawa sasa alishinda nje kwenye upepo. Halafu kulikuwa na Wilmar, mtu wa kuhesabu maboksi, asiyegusa risasi hata kidogo. Ishirini na tisa, bado chini ya kikomo, ndiyo maana hakuwahi kuulizwa. Wenzake wa stoo walikuwa na sita, saba. Mimi nilikuwa na ishirini na saba, Nibia ishirini na sita. Akaniita ofisini, karatasi zetu nne zimepangwa mezani.

"Ninyi mnafanya nini pamoja?"

"Hatufanyi chochote, dada. Tunakunywa yerba tu."

"Wapi?"

Nilipomwambia, aliweka kalamu chini.

Kesho yake saa nne alikuja na vijiti vya pamba vyenye dawa. "Kikigeuka chekundu, kuna risasi," alisema. Akapangusa mrija. Pamba ikawa nyekundu mbele ya macho yetu. Akapangusa mdomo wa kibuyu, mfuniko wa chupa ya maji moto, kisha vidole vya Eladio. Vyote vyekundu. Vumbi la tanuru lilikuwa likitua pale kwenye rafu kila siku, nasi tukilinyonya.

Eladio akakaa juu ya boksi. "Nimewalisha sumu kwa mkono wangu."

"Acha hizo, mzee," Wilmar akasema. "Ungeninyima kibuyu, ningekununia mpaka nistaafu."

"Wewe sawa. Nibia je? Ana mtoto wa miaka miwili nyumbani, na anamkumbatia na nguo hizo."

Mtoto akapimwa. Alikuwa na mbili, karibu na sifuri. Eladio alipoambiwa aliingia chooni, akakaa huko muda mrefu.

Alipotoka, alikwenda moja kwa moja kwa meneja. Alitaka kibanda cha kunywea yerba karibu na geti, mbali na tanuru, sinki, sabuni, na makabati ya kuachia ovaroli.

"Yote hayo kwa ajili ya chai?" meneja akauliza.

Eladio akamwekea majibu yetu manne mbele yake. "Soma kwanza hizo namba, mheshimiwa. Mimi nasubiri."

Kibanda kilichukua miezi miwili. Eladio akanunua kibuyu kipya na mrija mpya, na akawa mkali ajabu. "Onyesha kucha!" Siku moja alimrudisha meneja mwenyewe kwenye sinki, na meneja akarudi, akanawa hadi viwikoni.

Baada ya mwaka mimi nilikuwa na tisa, Wilmar kumi, Nibia saba. Eladio alishuka taratibu mno, thelathini na tatu, kisha ishirini na nane. Mirta alimweleza kwamba risasi ya miaka mingi hujificha mifupani na hutoka kwa kusuasua. Tanuruni hakurudi tena. Aliumia, najua, maana wakati mwingine nilimkuta amesimama mlangoni, anasikiliza moto.

Wageni wa kazi walioiogopa sindano, wakidhani namba mbaya ni barua ya kufukuzwa, alikaa nao yeye, akawasimulia yaliyomkuta.

Alistaafu akiwa na kumi na tisa. Walipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba aendelee kupimwa kila mwaka. Wakakubali. Kila Machi huja kwa basi, shati limepigwa pasi, na huwa wa kwanza kwenye foleni ya Mirta.