Mkate wa Nyama na Firigisi ya Baba

Jumapili ile niliamka nimechoka kabla sijafanya kazi yoyote. Uchovu wa aina hiyo hauondoki kwa kulala. Kwa miezi saba nilikuwa nimeikata wiki yangu vipande viwili: mwanzo wa wiki niko Kitale, ninakopika kwenye nyumba ya wageni, na Alhamisi jioni nashuka Bungoma kwa baba, nikae naye mpaka Jumapili. Siku nisizokuwepo, mama mmoja jirani humpelekea uji na kumfungulia madirisha. Nyumba yangu ya Kitale nayo ilishaanza kunuka vumbi, kama chumba cha mtu aliyehama.

Sina mume, na nadhani ndiyo sababu kazi hii iliniangukia mimi. Ndugu zangu wawili hawakukaa chini wakaamua. Mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi Webuye, mdogo ni mwalimu Kimilili, wote wana wake na watoto, na mimi sina wa kuniuliza uko wapi. Basi simu zikawa zinakuja kwangu. Mzee ameamkaje? Mzee amekula? Mwambie tunamsalimia. Nilikuwa nikizipokea huku nimelowa sabuni hadi viwikoni, nikifua shuka za huyo mzee wanayemsalimia.

Kwa hiyo niliwaita waje kwa baba, tule pamoja Jumapili hiyo saa kumi na moja jioni. Nilikuwa na neno moja tu la kuwaambia: nimechoka, tushike zamu. Na nilitaka kulisema baba akiwa ameketi nasi mezani. Sikutaka tumjadili jikoni kwa kunong'ona, naye yuko chumbani anasikia kila kitu.

Shida ni kwamba baba alikuwa ameacha kuja mezani. Meno yake ya chini yaling'olewa yote, na yale ya bandia aliyotengenezewa yakamchubua, akayatia kwenye kikombe na kukifungia kabatini. Tangu siku hiyo alikula peke yake chumbani, mlango umefungwa: uji, viazi vya kuponda, ndizi mbivu. Alikuwa karani wa mahakama miaka mingi, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na hakuvumilia kuonwa akitafuna kwa ufizi. Nilipomwambia kwamba wanawe wanakuja, alisema, "Wakule tu. Nitawasalimia kutoka hapa."

"Baba, si ukuje ukae na sisi."

"Nikae niangalie watu wakivunja mifupa ya kuku? Hapana, mama."

Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikasimama pale mlangoni na trei yake ya uji mkononi, na hapo ndipo nikaukumbuka mkate wa nyama.

Nilifundishwa na mpishi aliyenitangulia pale Kitale, mzee wa Cheptais ambaye katika ujana wake aliwapikia Waitaliano kwenye kambi ya kujenga barabara. Yeye aliuita polpettone, na kila akilitamka jina hilo alinyoosha mgongo. Ni nyama ya kusaga inayotandazwa, ikajazwa vitu ndani, ikakunjwa na kuokwa, halafu inakatwa vipande. Kijiko kinatosha kuila. Mwenye meno na asiye na meno wanaila vilevile, na hakuna sahani ya mgonjwa pembeni.

"Sote tutakula kitu kimoja," nikamwambia. "Laini. Hakuna mfupa hata mmoja."

Akauliza, "Na imondo pia haipo?"

Alicheka kidogo, lakini nilijua hatanii sana. Kwetu imondo, yaani firigisi ya kuku, ni ya mwenye nyumba. Tulipokuwa watoto, mama angeweza kusahau chumvi, lakini firigisi ilifika kwenye sahani ya baba ikiwa nzima, nasi tuliisindikiza kwa macho mpaka ikaingia kinywani mwake. Anayeila ndiye mwenye neno la mwisho katika boma. Tangu yale meno yang'olewe hakuwa ameionja. Kila nilipomchemshia kuku wa supu, firigisi ilirudi jikoni vile ilivyoenda, na paka wa jirani akaanza kuzijua siku zangu za kuja.

"Itakuwepo," nikasema.

Jibini na kungumanga nilikuwa nazo kutoka Kitale. Firigisi niliinunua Bungoma mjini Jumamosi, na nyama vilevile, kilo mbili, nikasimama mbele ya mwenye bucha nikitaka aisage mara mbili, maana mara ya kwanza mashine huacha mishipa. Akaniuliza kama nina mtoto mdogo nyumbani. Nikamwambia ndiyo, ninaye.

Nililoweka slesi za mkate kwenye maziwa, nikazikamua, nikazichanganya na nyama, mayai, kitunguu, dania, jibini na kungumanga kidogo. Nikakanda kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha nikaitandaza nyama juu ya kitambaa chenye maji, unene wa kidole. Juu yake spinachi iliyokamuliwa, karoti, na mayai ya kuchemsha yamepangwa mstari mmoja. Firigisi ilikuwa jikoni tangu saa moja asubuhi, inachemka na kipande cha papai bichi ili ilainike, na kufikia adhuhuri uma ulikuwa unaingia kwa kusukumwa. Ningeweza kuikatakata ikapotea ndani ya nyama. Lakini baba asingeiona, na asipoiona ni kama hakupewa. Nikaiweka nzima baada ya yai la mwisho, nikakunja kitambaa, nyama ikajiviringisha, nikaziba nyufa kwa kiganja chenye maji. Kwenye ncha ile ya firigisi nikachomeka karafuu moja, ili nijue pa kumkatia baba.

Oveni hatuna. Niliweka mchanga kwenye sufuria kubwa, nikaingiza humo bakuli la bati lenye mkate wangu, nikafunika, nikatia makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Ukipika hivi huwezi kuondoka. Makaa ya juu yakipoa unabadilisha, ya chini yakizidi unapunguza, na moshi wote unaujua uso wako. Nilikaa kwenye kigoda saa nzima na zaidi, mgongo unaniuma, nikilirudiarudia neno langu. Nimechoka, tushike zamu. Nikijaribu kulisema kwa upole lilikuwa kama ombi la ruhusa, na kwa ukali lilikuwa kama naanza vita. Nilipofunua nikakuta mkate umepasuka ubavuni, ufa wa urefu wa kidole. Nusura nilie kwa ajili ya ufa wa nyama. Nikaufunika kwa mchuzi wa nyanya.

Walifika wote, mkubwa na mkewe, na mdogo peke yake. Na baba akatoka chumbani amevaa tai. Akaketi kwenye kiti chake, akaamuru sala ifupishwe, nikarudi jikoni kuchukua ugali. Nilikawia huko dakika mbili hivi, na hizo zilitosha.

Niliporudi, mkubwa alikuwa ameshika kisu.

"Hii ni nini sasa, dada? Keki?"

"Ni nyama."

"Ati nyama na haina mfupa. Tumefika Ulaya, bana."

Mkewe akamkanyaga chini ya meza. Lakini alikuwa ameshakata. Na sitamsingizia, alikata kwa adabu kabisa. Alimpa baba kipande cha katikati, kizuri, chenye duara la yai. Yeye mwenyewe akachukua ile ncha iliyokauka, kama vile mtu muungwana anavyojichukulia kipande kigumu cha mwisho cha mkate wa slesi. Karafuu aliitoa akaiweka kando ya sahani, akidhani imeanguka humo kwa bahati mbaya.

Nilisimama na ugali wangu, sikujua niuweke wapi. Akakigawa kipande chake kwa uma, na firigisi ikatokea, nyeusi, nzima. Kila mtu pale mezani alijua ni nini, na kila mtu alijua ya nani.

Mkubwa akainuka, akaishika sahani kwa mikono miwili, akazunguka nayo meza mpaka kwa baba. "Mzee, hii ni yako. Sikujua."

Baba akaipokea. Akaigusa firigisi kwa ncha ya uma. Akaibonyeza, haikukatika. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, ikateleza na kugonga ukingo wa sahani. Saa zote zile na papai lote lile. Sote tukaanza kuangalia vyakula vyetu kwa bidii. Nilikuwa nimemwita baba mezani asiaibike, na sasa nimemwekea mbele ya wanawe kitu asichokiweza.

Kisha akaichota kwa kijiko, akanyoosha mkono, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Chukua, mama."

"Baba, hiyo ni yako."

"Nimesema chukua."

Mkubwa akakohoa. "Lakini mzee, si ni mwanamke. Ati dada ndiye akule imondo?"

"Kwani ni nani hunifulia?" baba akauliza.

Ningependa kusema nilijisikia nimeheshimiwa. Nilikasirika. Niliziona nyuso za ndugu zangu zikilegea, kwanza ya mdogo, halafu ya mkubwa, na nikaelewa wanachowaza: boma limepata mwenyewe, sasa ni rasmi, wao watarudi Webuye na Kimilili wakiwa wepesi. Miezi saba nilikuwa nimebeba mzigo ambao hakuna aliyenikabidhi. Sasa nilikuwa nimekabidhiwa mbele ya mashahidi.

Nikaitia kinywani. Ilikuwa ngumu. Nilitafuna upande huu nikahamishia upande ule, na wote wakangoja. Nilitafuna mpaka taya likauma, na kadiri nilivyotafuna ndivyo lile neno langu lilivyorudi, na safari hii halikuwa ombi. Nikameza. Nikanywa maji.

"Anayekula hii ndiye mwenye neno la mwisho," nikasema. "Si ndivyo?"

Baba akatikisa kichwa kukubali.

"Basi sikieni. Nimechoka. Baba haondoki hapa kwake, ninyi ndio mtakuja. Ijumaa hii ni yako," nikamwambia mkubwa, "hadi Jumapili. Kufua, kupika, kulala hapa. Ijumaa inayofuata ni ya huyu mdogo wetu. Ya tatu nitakuja mimi. Halafu tunaanza tena."

"Dada, lakini duka nitaachia nani?" Alikuwa anaongea nami huku amemgeukia baba, kama alivyofanya tangu utotoni kila nilipomkataza kitu.

"Usiniangalie mimi," baba akasema. "Mimi nimebaki na meno ya juu tu."

Mdogo akacheka wa kwanza, halafu mke wa mkubwa, na mkubwa mwenyewe mwishowe akasema sawa, Ijumaa, lakini kufua hajui. Mkewe akamwambia atajua. Baba alikuwa amerudi kwenye kile kipande chake cha katikati, anakikata kwa kijiko, anatafuna polepole mbele yetu sote, na mchuzi ulipomtiririka kidevuni aliufuta bila haraka. Akamaliza. Akaisukuma sahani yake tupu kuelekea kwangu.

"Niongeze hiyo laini, mama."

Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika ukingo wa meza ili niinuke. Nikauachia. Nikamwambia ndugu yangu mkubwa amkatie yeye, mimi nimekaa.