Daraja la Milingoti

Kila Jumamosi jioni nikimpigia mama simu kutoka Iyunga ninakoishi, la kwanza kuniambia si habari ya afya yake. "Leo nimevunja tena machipukizi ya baba yako," husema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kugombana na jirani mkaidi. Baba alifariki zamani. Machipukizi ni ya milingoti, ile mikaratusi aliyoipanda kwenye chemchemi ya bonde letu huko Kilolo. Tuliikata, nayo haijakubali kwamba imekatwa.

Sitaki mtu amcheke baba. Wakati ule kwetu kila mwenye akili alipanda milingoti bondeni. Udongo wenye maji huikuza haraka, nguzo na mbao zikapatikana mapema, na baba alichagua mahali palipolowa kuliko pote, kwenye jicho lenyewe la chemchemi. Watu walimsifu. Hakuna aliyejiuliza miti inayorefuka kwa kasi namna ile inakunywa nini.

Ilikuwa inakunywa kijito chetu. Nilipokuwa mdogo kijito hicho kilikatiza njia ya kanisani, nasi tulivua viatu vya Jumapili, tukavishika mkononi na kuvuka peku huku tukipiga kelele kwa baridi. Wanangu mimi walipita palepale na viatu vyao miguuni, wasijue kuwa wanakanyaga mto. Vinyungu, zile bustani za bondeni ambazo mama alitulishia maharage na njegere wakati wa kiangazi, vilipasuka nyufa. Korongo waliokuwa wakitaga kwenye matete walihama, na matete yenyewe yakakauka.

Kijiji kikaamua miti ile itolewe na bonde lirudishiwe miti yake ya asili. Wenzetu wakakata ya kwao. Mama akagoma. Na kwa kuwa ya kwetu ndiyo iliyokalia chemchemi, kugoma kwake kulifanya jasho la wengine wote liwe bure. Ukoo ukanituma mimi kitindamimba nikamsemeshe, wakidhani bado ananidekeza.

"Nyumba hii tulijengewa na fundi," aliniambia, akichambua mboga bila kuniangalia. "Shamba baba yako aligawiwa na babu yako. Milingoti ile aliipanda mwenyewe, kwa mikono yake. Mkishaikata, nikitaka kumwona mtanionyesha nini?"

Nilikasirika. Nikamwambia watu watakosa maji kwa sababu ya mapenzi ya wazee wawili ambao mmoja wao yuko kaburini. Aliniacha nimalize. Kisha akasema nichukue ndoo, twende tukachote maji, maana chakula cha jioni hakijipiki.

Chemchemini tulimkuta jirani anayeimba sauti moja na mama kwenye kwaya. Yeye milingoti yake alishaikata. Alikuwa amepiga magoti chini ya miti yetu, anachota maji kwa kikombe cha chai kwenye kishimo kidogo, anasubiri yajae, anachota tena. Nikajiandaa kusikia maneno, maana alikuwa na kila haki ya kuyasema. "Kamwene," alimsalimia mama, akasogeza pembeni ndoo yake ambayo haijafika hata nusu, akampa mama kikombe ili aanze yeye.

Mama alikishika kikombe kile kwa muda, akakirudisha. Tulipanda nyumbani na ndoo tupu. Mlangoni akaniambia, "Kawaite waje wakate. Lakini magogo ni yangu."

Siku ya mgowe, kazi ya pamoja ambayo mwenye shughuli huwalisha watu, mama alipika makande sufuria kubwa mbili. Palikuwa na togwa kwa watu wa kanisani na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa wale wengine, ingawa kufikia mchana nilishindwa kujua nani yuko kundi lipi. Miti ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Mama alikaa jikoni, na kila kishindo aliongeza kuni ambazo moto haukuzihitaji. Nilimwonea huruma mpaka nikatoka nje.

Wa mwisho ulipoanguka, alitoka akawaonyesha anachotaka. Magogo manyoofu yalazwe pale njia ya kanisani ilipokatiza kijito, yawe daraja.

"Mama, daraja la kuvuka nini?" kijana mmoja wa msumeno akauliza. "Vumbi?"

"Nyie wekeni."

Wakaweka, huku wanacheka. Mimi sikucheka, ila moyoni nilidhani huzuni imemchanganya. Lilikuwa daraja zuri, imara, juu ya udongo mkavu kabisa, na watu waliendelea kupita kando yake.

Kosa letu sote lilikuwa kudhani kazi imekwisha. Mlingoti ukikatwa hauagi, visiki vilichipua kabla hata mashina ya maharage hayajafika magotini. Wengine walikata tamaa. Mama alianza kushuka kila wiki kuvunja machipukizi, akilalamika njia nzima. "Baba yako alikuwa hivihivi. Ukimkatalia mlangoni, anaingilia dirishani." Jirani yake akawa anafuatana naye. Walipanda miche ya mivengi kuzunguka chemchemi, mti wetu wa kale usiogombea maji na mtu. Matete hakuna aliyeyapanda. Yalirudi yenyewe.

Safari hii nilipokwenda nyumbani, nilishuka kwenye basi Igawa kumnunulia mchele, nikijua atasema ni mwingi mno. Alisema. Kisha akanipeleka bondeni. Kinyungu chake cha juu hakikulimwa, na nilipouliza sababu alinifinya nikae kimya, akanyoosha kidole kwenye matete. Korongo wawili wenye taji vichwani. "Wamekuja bila hodi," alinong'ona kwa hasira ambayo haikunidanganya hata kidogo. "Sasa mimi maharage nipande wapi?"

Namshukuru mwanamke huyu. Namshukuru na yule aliyesogeza ndoo yake bila kumlaumu mtu. Niliwaza hayo tukishuka njia ya kanisani, ndipo nikasikia maji kabla sijayaona. Yalikuwa yanapita chini ya daraja, maangavu, si mengi, lakini ni mto. Furaha ilinizidi, nikainama nivue viatu nivuke kama zamani.

Mama akanishika bega.

"Vaa viatu, utapata baridi," akasema. "Pita kwa baba yako."

Nikapita kwa baba.