Kifua cha Baba Pacha

Mume wangu ni mfupi. Nalisema mapema mwenyewe, maana nikichelewa kuna watu watanisaidia. Siku ya harusi yetu dada zangu walimtafutia stuli ya kusimamia wakati wa picha, na picha hiyo iko sebuleni hadi leo. Ukiitazama vizuri utaona mguu mmoja wa stuli unachungulia pembeni ya gauni langu. Basi cheka umalize, tuendelee.

Anaitwa Baba Pacha kwa sababu ya binti zetu wawili, ambao walimpita kimo wakiwa darasa la sita na sasa wako kwa waume zao. Kazi yake ni kuandika ubao. Upande wetu wa kisiwa, mawimbi huja kutoka mbali yakavunjikia kwenye fungu la mchanga, na wageni hufunga safari kuja kuyapanda, wamesimama juu ya vitu kama meza za kupigia pasi zilizokatwa miguu. Vyombo hivyo hukodishwa kwenye banda la mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, sote tunamwita Bosi. Mlangoni pa banda kuna ubao wa chaki, na kila siku kabla ya saa moja asubuhi lazima yaandikwe hapo mambo mawili: wimbi lina kimo gani, na upepo unatoka wapi. Mgeni haingii majini bila kuusoma, na mpaka mwaka ninaotaka kuwasimulia ulikuwa umeandikwa na mkono mmoja kwa miaka kumi na tisa.

Sasa sikieni anavyopima. Hana mashine, hana rula. Saa kumi na mbili anakunja suruali, anaingia mpaka kwenye fungu, mahali ambapo maji yakitulia yanamfika vifundoni, na hapo anasubiri. Anahesabu mawimbi saba. Matatu ya kwanza hayaamini, anasema yanakuwa na mzaha. Yanayofuata yakimgonga gotini, anarudi kuandika "Goti". Yakimgonga kiunoni, "Kiuno". Kuna "Kifua", halafu kuna "Kichwa", na siku ya Kichwa Bosi hataki mwanafunzi yeyote wa kupanda mawimbi aguse maji. Siku hiyo Baba Pacha hurudi nyumbani na mchanga masikioni, nami nammwagia maji uani huku nikimsema, maana mtu mzima gani anakwenda kupigwa na bahari kwa hiari yake kabla hajanywa chai.

Upepo ni idara yangu. Nyumba yetu iko nyuma ya banda, na akitoka majini anapita uani kutazama suruali zake kwenye kamba. Miguu ya suruali ikielekea baharini, upepo unatoka nchi kavu. Huo ndio wanaoutaka wageni, kwa sababu hulishikilia wimbi likasimama wima mpaka mtu alipande. Ikielekea jikoni kwangu, upepo ni wa baharini, nao hulisukuma wimbi kwa nyuma likaanguka ovyo pamoja na aliye juu yake. Tena anasema upepo wa baharini ukianza alfajiri, hata kama ni wa kutikisa uzi tu, ikifika saa tatu utaezua mabati. Kwa hiyo miaka yote hiyo lazima suruali iwe kambani asubuhi. Naumwa, suruali. Binti zetu wanaolewa, suruali. Nimewahi kuchukua suruali safi kabatini, nikaianika, nikajiambia ndoa ina mambo.

Basi mwaka ule mdogo wangu wa kiume alikuja kututembelea kwa wiki mbili, na ninazungumzia wiki ya tisa. Wanamwita Ngazi. Kwetu wote ni warefu, lakini yeye alipitiliza. Kuingia jikoni kwangu mpaka ainame, na kusema kweli aliinama mara nyingi, hasa wakati wa kupakua. Ni damu yangu, nampenda, lakini kula kulala ni kula kulala hata kama mmechangia mama. Tangu wiki ya pili aliahidi kunisogezea kabati la chumbani. Wiki ya tisa Baba Pacha alichoka kusubiri, akalikumbatia mwenyewe, na kiuno kikalia ka. Nilimkuta ameganda, shavu limebanwa kwenye mlango wa kabati, ananiambia kwa sauti ndogo nisimcheke. Mganga wa zahanati akasema alale chali siku tano.

Na siku hizo tano ndizo nyumba ya wageni ilikuwa imejaa mpaka kwenye baraza. Bosi alikuja kumjulia hali. Akampa pole, akaweka ndizi mezani, halafu Ngazi akaingia ameinama na Bosi akamtazama kutoka chini kwenda juu, safari ndefu. Akasema ubao hauwezi kukaa mtupu, huyu kijana auandike kwa siku hizo. Akiuweza, basi, Baba Pacha ametumikia sana, labda wakati umefika apumzike. Ngazi akatabasamu. Mimi nilikosa pa kuuweka uso wangu, mume kitandani, ndugu mlangoni, na wote nawapikia mimi.

Bosi alipoondoka, Baba Pacha aliniita kitandani.

"Mama Pacha," akasema, "mtu akikwambia upumzike na wewe hukumwomba, ujue anakuonyesha mlango."

Mtu huyu hajui kuvua, hajui kulima, na kuogelea kwenyewe anabahatisha. Anachokijua duniani ni ubao ule. Wakimnyang'anya, ningebaki na mwanamume mzima anayezunguka uani saa kumi na mbili asubuhi akitazama suruali bila sababu. Mchana ule hakula. Mimi kwa hasira nikala chakula changu na chake.

Hata hivyo hakumfanyia shemeji yake hiana. Alimwita kitandani akamfundisha kazi yote kama ilivyo: simama kwenye fungu, hesabu saba, mahali wimbi linapokugonga ndipo uandike, kisha katazame kamba ya dada yako. Ngazi alisikiliza kwa adabu, akarudia kila neno. Hakuna aliyeona tatizo. Bosi hakuliona, mimi sikuliona, na Baba Pacha, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akijipima mwenyewe, hakuliota kabisa.

Siku mbili za kwanza bahari ililala. Ngazi aliandika "Halijafika goti", kwa mwandiko mzuri tu, na Bosi akausifu mwandiko mbele ya watu. Nilipomletea mume wangu habari hiyo aligeukia ukutani, jambo ambalo mganga alilikataza.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Hapa nakiri kosa langu. Ngazi alikuja na suruali moja tu, ya jinsi, na baada ya wiki tisa jinsi ile ilikuwa inakaribia kutembea peke yake. Nikaona mtu anayeandika ubao hawezi kudhalilisha ukoo hivyo. Ijumaa jioni niliifua, nikaianika ikiwa nzito, inachuruzika, na ndefu kiasi kwamba ncha za miguu zilikaa chini. Asubuhi nilikuwa namkanda Baba Pacha kiuno kwa maji ya moto, sikuanika kingine. Ngazi akatoka majini, akaitazama jinsi yake. Ilikuwa imetulia kimya. Akaenda akaandika: "Wimbi: Kifua. Upepo: hakuna."

Kwa wageni waliozoea pwani yetu, Kifua bila upepo ni siku ya sikukuu. Watu kumi na mmoja wakaingia majini, wanafunzi wakiwemo. Aliwatangulia daktari wa meno, mgeni wetu wa miaka sita, ambaye haruki mwezi. Hata Bosi, ambaye hupanda wimbi mara mbili kwa mwaka ili wafanyakazi wamheshimu, alijifunga nywele akaingia.

Saa tatu mlango wangu wa jikoni ulijibamiza. Mfuniko wa sufuria ukaruka, ukabingirika mpaka uvunguni. Nilitoka nje nikaona jinsi ya Ngazi bado imetulia, imeinua kidole kimoja tu cha mguu, wakati bati la jirani linapiga kelele. Nikakimbilia ufukweni na kitambaa cha kukandia mkononi.

Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa, ndiyo maana nathubutu kucheka. Bahari ilikuwa inawatapika mmoja mmoja. Wanafunzi walikuja kwa magoti, wengine kwa matumbo. Bosi alikuja kwa miguu minne, anakohoa chumvi, nywele zimemfunika uso. Wa mwisho alikuwa daktari wa meno. Bahari ilikuwa imevunja chombo chake vipande viwili na kumvua kaptura, basi akatoka polepole, nusu ameishika mbele, nusu nyuma, akitusalimia kwa heshima zote.

Tulikusanyika mlangoni pa banda. Daktari alipopata taulo alipata na sauti.

"Kifua cha hapa nakijua miaka sita," akasema. "Kile hakikuwa kifua."

Ngazi akaapa. Akasema wimbi lilimgonga hapa, akaweka kiganja kifuani. Bosi akamsogelea ili amfokee kwa karibu, akafungua mdomo, akaukuta mkono wa Ngazi uko usawa wa paji lake la uso. Akautazama ule mkono. Akaitazama bahari. Kisha akageuka, akaangalia nyumba yetu, na mdomo ukafungika wenyewe. Daktari naye akasogea, akajipima, kile kifua kikamfika kidevuni. Nikaona mambo yanawaingia taratibu, kama chai kwenye mkate.

"Na upepo?" Bosi akauliza.

"Nilihisi kitu usoni," Ngazi akasema, "lakini kamba ilisema hakuna. Nikafuata utaratibu."

Wote wakanigeukia. Nikawaeleza habari ya jinsi. Sikuongeza, sikupunguza, ila wiki tisa nilizitaja.

Baada ya hapo Bosi akaniuliza kama nina tepu ya kupimia nguo. Tukaenda nyumbani msafara mzima, Bosi mbele akichuruzika, daktari na taulo lake, Ngazi nyuma akiburuza miguu. Baba Pacha alipotuona tunajaa chumbani alijua amefukuzwa. Akajikaza, akaomba tu aruhusiwe kufukuzwa akiwa amesimama. Bosi akamwambia vizuri sana, kusimama ndiko tunakokutaka. Nikampa bega, akainuka akiguna, na Bosi mwenyewe akapiga magoti kumpima: goti, kiuno, kifua, utosi. Daktari aliandika namba kwenye kiganja chake. Mume wangu akauliza kama jeneza limeshalipiwa.

Hapo ndipo Bosi aliposema. Akasema pwani hii nzima imekuwa ikienda kwa mwili wake na hakuna aliyejua. Watu wanaposoma Kifua, miguu yao inakijua ni kifua cha nani. Kwa hiyo, ili jambo kama la leo lisitokee tena, atasimika nguzo kwenye fungu, ipakwe rangi, alama nne, za Baba Pacha hasa.

Nilianza kufurahi, halafu nikapiga hesabu. Nguzo haili, haiumwi kiuno, wala haihitaji kuandikiwa kitu, mtoto yeyote ataisoma. Walikuwa wamemheshimu mume wangu mpaka hawamhitaji tena. Nilimtazama, nikajua naye ameshaliona. Alirudi kitandani, akalala chali.

"Bosi," akasema, "mchanga wa pale unahama. Wiki hii umejaa, wiki ijayo umeliwa. Nguzo itaonyesha kifua, lakini mtajuaje kama bado ni kifua?"

Bosi akafikiri. Akauliza dawa yake ni nini.

"Kila asubuhi mtu asimame kando yake, ipimwe."

"Mtu gani?"

"Mwenye kifua," akasema Baba Pacha, na akafumba macho.

Bosi alicheka mpaka maji ya bahari yakamtoka puani. Na ndivyo ilivyo mpaka leo, mwaka wa saba huu. Saa kumi na mbili mume wangu anakwenda kujisimamisha kando ya nguzo yake. Ngazi ndiye mwenye nyundo: mchanga ukijaa anaivuta nguzo juu, ukiliwa anaigongea chini. Ana mshahara, ana chumba chake, na kabati pia alilisogeza, baada ya miezi mitatu.

Ila kuna jambo, na hili nawaambia ninyi tu. Mwaka juzi Baba Pacha alirudi akasema mchanga umeliwa, kichwa chake hakifiki alama, umepungua upana wa kidole. Ngazi akagongea nguzo chini, na kidole hicho hakikurudi tena. Mwaka jana, vivyo hivyo. Juzi tena, kidole kingine. Siku hizi daktari wa meno anawaambia wenzake kwamba mawimbi ya hapa yanakua mwaka hadi mwaka, na wageni wanazidi kumiminika kuja kujionea.

Mimi ndiye ninayeshona nguo za mume wangu. Jana alinikuta nimekaa uani na sindano, napandisha upindo wa suruali zake kwa mara ya tatu, akaniuliza zina nini. Nikamwambia zimechakaa chini. Akatikisa kichwa, akasema vitambaa vya siku hizi havidumu, akamaliza chai yake. Nilipomaliza kushona niliziloweka, nikazifua, nikazianika zote kambani, tayari kwa asubuhi.