Kultum Ataja Omena Redioni

Mohamednur anauza mapazia na vitambaa mjini Kehancha, na redio ya dukani kwake haizimwi. Swali likiulizwa hewani, yeye hujibu kabla msikilizaji yeyote hajapiga simu. Miji mikuu, mito, milima, yote anayo kichwani. Wateja wakimsifu, hunyoosha shati na kuuliza kama wanataka mita mbili au tatu.

Basi binti yake Ayesha, aliye kidato cha tatu, alipoiandikisha familia kwenye shindano la maswali la stesheni moja ya Migori, Mohamednur aliiona zawadi ya kwanza, meko ya gesi, imeshafika jikoni kwao. Kwa wiki mbili aliwafundisha binti na mkewe, Kultum. Mke alisikiliza huku akikunja vitambaa. Yeye alihitajika kwa sababu familia ilipaswa kuwa ya watu watatu, basi.

Jumamosi walikutana studioni na familia kutoka kisiwa cha Remba: Cephas, mvuvi, Linet, mkewe, mwalimu, na mama mzazi wa Cephas. Kila duru ilikuwa ya mtu mmoja kutoka kila upande. Duru ya kwanza mama mzee alimshinda Ayesha kwenye hesabu. Ya pili ikawa ya Cephas na Kultum, na mtangazaji, Machuki, akauliza: omena, wale dagaa wa ziwani, ikiiva na bado ni chungu, mpishi ameruka hatua gani?

Watu wa Remba walicheka kwa raha. Mohamednur aliinamisha kichwa. Yeye na mkewe ni watu wa Garissa, yeye hawezi kuvumilia harufu ya samaki, na nyumbani kwake samaki hajawahi kuingia.

Cephas alisema chumvi imesahaulika. Alikuwa ameivua omena miaka ishirini na hajawahi kuipika. Machuki akamgeukia Kultum.

“Hakuiosha kwa maji moto,” Kultum alisema. “Unaosha mara mbili. Halafu unaikausha kwenye sufuria bila mafuta mpaka ianze kulia. Ndipo mafuta, kitunguu, nyanya. Maziwa kidogo mwishoni, ukipenda.”

Mama mzee wa Remba alipiga makofi. Machuki akataka kujua mtu wa Garissa amejifunzia wapi haya.

“Kwa jirani yangu, Rispa. Kila Jumatano.”

Yote hayo yalikuwa hewani. Kehancha nzima ilikuwa inasikiliza, maana Mohamednur mwenyewe ndiye aliyewaambia wasikilize.

Sasa walikuwa sare, na duru ya mwisho ilikuwa yake na Linet. Machuki akauliza mji mkuu wa Burkina Faso. Mohamednur alikuwa bado anamtazama mkewe. Ayesha alimkanyaga mguu chini ya meza. Baba yake alipoomba swali lirudiwe, Linet alikuwa ameshajibu Wagadugu.

Mohamednur na familia yake walipewa chupa ya chai na miavuli miwili. Waliingia hoteli ndogo karibu na stesheni, na Mohamednur akakoroga chai yake.

“Mama Ayesha, ni miaka mingapi?”

“Saba.”

“Na zile Jumatano ulizosema huna njaa?”

“Nilikuwa nimeshiba.”

Ayesha aligeuka dirishani ili asionekane akicheka. Mohamednur aliuliza kwa nini hakuambiwa, na Kultum akamuuliza angejibu nini. Mohamednur alifikiri kwa uaminifu.

“Ningekataa.”

Meko ya gesi hayakumuuma sana Mohamednur. Kilichomuuma ni kwamba mtu amelala karibu naye miaka yote hiyo akiwa na jambo linalomfurahisha, na yeye hana habari.

“Mimi sitakula,” alisema mwishowe. “Lakini usiende tena kujificha kwa watu. Pika nyumbani, nitafungua madirisha.”

Jumatano iliyofuata Rispa alikuja na binti yake mdogo, Lorine, na jikoni kukawa na kelele. Mohamednur alibaki dukani, mbele ya nyumba, akimpimia mteja pazia. Mteja alipoondoka, alisimama kidogo mlangoni mwa jikoni, kisha akaingia, akavuta kiti mbali kidogo na jiko. Alimuuliza Rispa kwao ni wapi. Rispa alisema ni Ndhiwa, jina ambalo redio haijawahi kuliuliza, na akaanza kumwelezea.